Ombi la Kurudishwa Nilikotoka ili Niletwe Upya

Kwa Meneja wa Malalamiko ya Abiria,
Shirika la ndege lililonileta,
Ghorofa ya juu kabisa (naamini ndiko mnakokaa).

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya kusoma barua za watu wenye hasira. Hii yangu usiiogope. Nimeiandika nikiwa nimekaa, nimekunywa chai, na nimeshahesabu hadi mia mara mbili.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa makamo, abiria wenu wa kiti namba 41E wiki mbili zilizopita. Nilifunga kibanda changu cha ushonaji baada ya miaka kumi na saba, nikamwachia dada yangu mkasi mkubwa pamoja na wateja wasumbufu, nikapanda ndege yenu kuhamia huku ughaibuni kwa mume wangu, ambaye ni mpishi katika jiko la hospitali. Hatukuwa tumeonana ana kwa ana kwa miaka minne. Kwenye simu tulionana, lakini kamera ya simu yake ina matatizo, nikawa naona shavu moja na dari.

Ninachoomba ni kidogo tu: mnirudishe nilikotoka, halafu mnilete tena vizuri. Wako watakaosema maji yakimwagika hayazoleki. Hao hawajawahi kushika sindano. Kwetu mafundi, nguo ikiharibika inavuliwa, inafumuliwa, inashonwa upya, na mteja anaombwa radhi. Nyinyi mmeharibu kufika kwangu, Ndugu Meneja, na sababu naziorodhesha hapa ili mzijibu moja moja.

KUHUSU: KUFIKA KULIKOHARIBIKA

1. Kiti. Nilipokaa nilitoa futi yangu ya kupimia, maana mtu na kazi yake, nikakipima. Upana ni sentimita arobaini na tatu. Vipimo vyangu mimi sitavitaja katika barua itakayopita mikononi mwa makarani wa kiume, ila fahamu kwamba kiti na mimi hatukuelewana. Nikampima abiria wa 41D kwa ruhusa yake, na wa 41F akiwa amelala. Hakuna hata mmoja aliyeenea. Sasa nguo ikikataa wateja watatu kwa mpigo, kosa ni la wateja au la aliyekata kitambaa? Nilimweleza mhudumu wenu jambo hili kwa upole. Akaniletea karanga.

2. Huyo wa 41F. Nitamwita Bwana Mto, kwa sababu alikuwa amevaa mto shingoni tangu kwenye foleni ya kupandia. Mto anao, jamani, lakini alilalia bega langu. Saa tano! Kila nikimsukuma alinishukuru usingizini, akajisogeza zaidi. Nimefika huku bega moja liko juu na jingine chini, kama koti lililotundikwa kwenye msumari.

3. Uwanja wa kubadilishia ndege. Walinzi walipokiona kichwa cha cherehani yangu ndani ya mkoba walirudi nyuma hatua mbili. Nikawaeleza, wapi! Ikabidi nikae kwenye kibao chao cha mizigo nizungushe gurudumu kwa mkono, nikunje upindo wa leso ya afisa mmoja mbele ya foleni nzima, ndipo waamini kwamba ni cherehani. Afisa wa kwanza akaridhika. Wa pili akaenda kuleta suruali ya sare iliyochanika. Wa tatu alikuwa na pazia. Nilipomaliza, mlango wa kupandia ulikuwa umehamishwa kutoka namba tisa hadi namba sitini na mbili, na mimi nikakimbia umbali ambao nyumbani watu huupandia basi. Najua walinzi si wenu. Lakini aliyenipitisha hapo ni nani?

4. Saa zangu. Mliniondoa Alhamisi saa kumi na mbili jioni, mkanifikisha Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni siku nzima. Mimi nimekaa hewani saa kumi na nne, nikasubiri uwanjani saa tano, jumla kumi na tisa. Saa tano nyingine ziko wapi? Mhudumu alisema zimepotea kwa sababu dunia ni duara. Ndugu Meneja, mimi nikimpunja mteja robo mita ya kitambaa naitwa mwizi, wala siruhusiwi kusingizia umbo la dunia.

Nisionekane mtu asiye na shukrani, naomba niseme na mazuri. Ndege ilipoinuka nilishika mkono wa 41D nikacheka kama mtoto. Mawingu kwa juu ni mazuri mno. Ningekuwa na uwezo ningekata mita sita. Tena mligawa soksi. Chai ya asubuhi tulikunywa mara mbili, ingawa chakula cha mchana hakikuonekana, nadhani kilikuwa ndani ya zile saa tano.

5. Miguu. Nilipanda na miguu yangu miwili ya saizi thelathini na tisa. Nilishuka na miguu ambayo sijapata kuiona maishani. Viatu vya kisigino, nilivyovinunua kwa ajili ya hatua ishirini tu, za kutoka mlango wa wageni hadi kifuani kwa mume wangu, vilikataa katakata. Nikateremka na soksi zenu.

6. Gauni. Hapa nipe nafasi, maana ndipo penye kidonda. Nilishona gauni la kufikia. La kijani kibichi, la kubana kiunoni, lenye mikunjo kumi na miwili midogo ambayo niliitia kwa mkono. Kwa miezi mitatu wateja wangu walipigwa kalenda kwa sababu ya gauni hilo. Mume wangu nilishamwambia kwa simu: mtafute aliyevaa kijani, huyo ndiye mimi. Nia yangu ilikuwa nilivae ndege ikikaribia kutua, lisikunjamane. Kosa ninalolikubali ni moja: nilijipima nikiwa nimesimama nchi kavu, sikujua kwamba mtu akikalishwa saa kumi na nne anaongezeka. Niliingia chooni kwenu. Choo kile hata sindano haigeuki! Kiwiko kilibonyeza maji, goti likafungua sabuni, zipu ikapanda hadi katikati ya mgongo ikauma kitambaa, ikagoma kupanda, ikagoma kushuka. Taa ya mikanda ikawaka. Mhudumu akagonga. Nikatoka mgongo uko wazi, mikunjo sita kati ya kumi na miwili imelowa, naye kwa huruma akanifunika blanketi lenu la buluu kuanzia shingoni hadi magotini. Blanketi hilo ninalo, nimelifua, nitalirudisha.

7. Kufika kwenyewe. Mlango ulifunguka, nikamwona. Lo! Shati limenyooka, ndevu zimechongwa, ananyoosha shingo kama anayetafuta bei sokoni. Kwanza alilitabasamia ua kubwa la kwenye chungu lililokuwa karibu na mlango. Nikasema moyoni, maskini, furaha imemzidi. Kisha akaanza kuja upande wangu. Nikaacha toroli, nikafungua mikono, blanketi nimelibana kwa makwapa. Akanipita. Alinipita kwa hatua moja tu, sabuni aliyoogea nikaisikia, akaenda kumkumbatia mwanamke mwingine mwenye gauni la kijani, akamwita mke wangu, akashika toroli lake. Na yule mama, bila haya wala soni, akamwambia asante sana, mizigo mingine inakuja nyuma.

Nilimwita mara tatu ndipo akageuka. Alijitetea kwamba taa za pale ni kali. Tangu siku hiyo tunaishi kwa adabu, kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya zahanati. Anauliza kama nimelala salama, namjibu salama. Akinimiminia chai anaimwaga mezani, nadhani kwa kukwepa kunitazama. Hajasema neno moja kuhusu sura yangu, zuri wala baya. Naumia, Ndugu Meneja. Miaka minne nimengoja mtu mmoja anione, na nilipoletwa anione alinipita kama ninavyolipita mimi jiko la jirani. Nimewaza mengi. Nimewaza kwamba picha yangu aliyonayo ndiyo mkewe, na mimi ni mzigo uliokuja badala yake.

Kwa hiyo kufika kule hakuhesabiki. Mnirudishe. Kwenye kunileta mara ya pili nataka kiti cha sentimita hamsini, Bwana Mto akae na rubani, na kabla ya kutua nipewe chumba chenye kioo kirefu kwa saa moja. Yule mama wa kijani azuiwe kusafiri siku hiyo, au avae nyeusi. Mume wangu asimamishwe palepale, na shati lilelile. Na kwa kuwa safari haianzii hewani, wale ndugu kumi na wanne walionisindikiza waitwe tena uwanjani walie upya. Dada yangu alilia vizuri sana, sina hakika kama ataweza kurudia, ila tumjaribu.

Tena nimefikiri zaidi. Shirika linaloweza kupoteza saa tano bila kutokwa jasho halishindwi kurudisha miaka minne. Basi mnirudishe hadi kule, asubuhi ile alipoondoka yeye, niwe na kiuno kile na miguu ile, nipande naye ndege hiyohiyo, tukae 41D na 41E. Hapo hatakuwa na haja ya kunitafuta, maana hatutakuwa tumeachana. Nadhani hili ni jepesi kwenu kuliko kupanua viti.

Nangoja jibu lenu nikiwa bado sijafungua sanduku moja.

Wasalimie marubani wote wawili, mhudumu wa karanga, fundi anayetengeneza vyoo (yeye umsalimie kwa mbali), mama yako mzazi kama yupo, na wote wanaokusaidia kusoma barua hizi.

Ni mimi, nisiyehesabika kuwa nimefika,
Abiria wa 41E,
Fundi cherehani.

Tanbihi: Barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha, nikaona nimpe mume wangu aipitie, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ofisi za huku zinavyoandikiwa. Akaipokea. Akaisogeza mbali, akaileta puani, akasema imeandikwa vizuri sana. Alikuwa ameishika juu chini. Nikamwambia hajasoma. Akaondoka nayo bafuni, akajifungia. Nikamsikia anacheka, halafu anavuta kamasi. Komeo la bafu hili ni bovu, nikasukuma mlango. Nikamkuta amekaa ukingoni, barua mapajani, amevaa miwani minene kama kitako cha chupa, na machozi yanapita chini yake.

Kumbe huu ni mwaka wa tatu bila miwani haoni karibu wala mbali! Amenificha kwa sababu siku za uchumba nilimwambia kilichonivuta kwake ni macho, akaogopa nitakuja nimkute kavaa vioo nigeuze safari. Siku ile ya uwanja aliitia mfukoni. Alikuwa anatafuta rangi ya kijani, basi, na mtu yeyote aliye ndani yake. Hata mngenishusha nimekalia kiti cha enzi, na tarumbeta zinalia, angenipita tu.

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, isipokuwa la kwanza, kwa sababu kiti ni kidogo na futi haidanganyi. Msinirudishe. Nimemsema sana, nikamwambia mpumbavu mkubwa wewe, nami nikalia. Hakuivua miwani. Alinitazama hivyo nilivyokuwa, nywele sijachana, gauni la kulalia, soksi za kwenu miguuni, akanitazama mpaka nikaona haya nikataka kuzima taa. Kisha akasimama, akanishika mikono yote miwili, akaniambia karibu, na pole na safari.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi alasiri. Naomba mwandike kwenye daftari lenu kwamba abiria wa 41E amefika.