Wimbo wa Kurasa Tatu

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Sijui kusoma nota. Hata moja! Kwangu ni inzi waliotua kwenye waya. Nyimbo zote nimezishika nikipiga pasi chumba cha pili, shangazi akifundisha piano sebuleni. Nikisikia wimbo mara mbili, umeingia.

Shangazi hajui. Vidole vyake vimeanza kukakamaa, anataka kuniachia wanafunzi wake kumi na mmoja. Sharti: nirudi na cheti cha kongamano la walimu wa piano. La sivyo atawapa binamu yangu, anayesoma nota kama gazeti na kututangazia hilo kila mlo.

Beji yangu ya kongamano imeandikwa MWALIMU. Nimekula nayo chakula cha jioni. Binamu kauliza kama sahani nayo inahitaji kujua.

Ijumaa, tarehe 9

Walimu mia mbili, wote wamekata kucha. Nimekaa nyuma, karibu na birika la chai. Mwalimu mwenye tai ya kipepeo kauliza nafundisha kwa mbinu gani. Nikapuliza chai yangu. Halafu nikasema: ya kimya. Akaiandika!

Balaa. Kesho kila anayetaka cheti atapewa wimbo asiowahi kuuona, ausome na kuupiga papo hapo. Nimekwenda chooni mara tatu. Mara ya tatu nikapata akili: mkufunzi mkuu, yule bibi tunayemwita Metronomu, kama kile chombo cha kuhesabu mapigo, kwa kugongagonga meza, lazima aujaribu kwanza.

Jumamosi, tarehe 10

Saa moja asubuhi nilikuwa nyuma ya pazia la jukwaa. Bibi Metronomu akaupiga mara mbili. Umeingia!

Zamu yangu ilipofika, vidole vilikwenda vyenyewe. Katikati nikasimama, nikakohoa, nikarudia mstari, nikaendelea mpaka mwisho. Safi! Wimbo una kurasa tatu. Mwenye tai alisimama kando anifungulie kurasa. Mkono wake ulibaki hewani ukingoja ishara yangu, ukurasa wa kwanza ukitutazama wote. Makofi hata hivyo. Akanong'ona kwamba mbinu ya kimya ni kiboko.

Bibi akanivuta kando.

“Mwanangu,” akasema, “kile kikohozi kilikuwa changu, cha asubuhi. Pazia lina vumbi.”

Nikatamani sakafu inimeze. Lakini akasema sikio kama langu hajakutana nalo miaka arobaini. Arobaini! Ila watoto hawafundishwi kwa kujificha. Atasaini cheti nikiahidi kwenda kwake kila Jumamosi, anianzishe nota ya kwanza, bure. Nimeahidi. Kasaini.

Jumapili, tarehe 11

Cheti kiko ukutani, juu ya piano. Shangazi kakisoma kwa sauti, kisha kakifuta kwa kanga yake ingawa hakikuwa na vumbi. Wanafunzi ni wangu! Binamu kasema nimebahatisha. Nimemjibu kwamba mkufunzi mkuu mwenyewe kaniomba niwe naye kila Jumamosi. Kanyamaza mlo mzima.

Na kwa Bibi nitakwenda, ahadi ni ahadi. Nimeshapanga. Kila somo nitamwomba apige yeye kwanza, eti nione vidole vyake. Mara mbili zinanitosha. Na safari hii akikohoa, sitamwiga, nitatulia kimya.

Na wewe, daftari, tulia vivyo hivyo.