Gari Linalozimika Kwenye Taa

Jumatatu, 3 Machi
Gari limenizimikia kwenye taa mara nne. Likiwa mwendoni halina neno. Nikisimama tu, injini inatetemeka kama mwenye homa, kisha kimya! Mke wangu kashauri nilipeleke kwa kaka yake, fundi. Nimpe shemeji raha hiyo? Thubutu! Jumamosi nampeleka mama mkwe kliniki ya macho, na nimeshajigamba mbele ya ukoo mzima kwamba gari langu halina kasoro.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua siri! Kwenye kabureta kuna skrubu ndogo ya kupandisha mngurumo gari likiwa limesimama. Nimeikaza robo mzunguko. Halikuzimika tena! Kama robo imeleta nafuu hii, mizunguko mitatu je? Nimeongeza mitatu.

Alhamisi, 6 Machi
Injini inavuma kama ndege inayotaka kuruka. Jirani kauliza kama nimefungua mashine ya kusaga. Wivu huo. Jambo dogo: nikiachia breki, gari linaondoka lenyewe, bila kukanyaga mafuta. Nimemwambia mke wangu hiyo ndiyo nguvu. Kaguna.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu! Kufika kliniki, nilivuta breki ya mkono, ambayo ni legevu, nikashuka mbio kumfungulia mama mkwe mlango. Gia ya otomatiki sikuitoa, wala injini sikuizima. Nashika kitasa, kitasa hicho kinaondoka! Gari likaenda zake na mkwe wangu kiti cha nyuma, likalaza maua yote, likaegemea ukuta. Niliwakuta wauguzi wakimpepea. Akaniuliza kwa upole unaoua, "Mwanangu, tulikuwa tunaendeshwa na nani?"
Shemeji akaitwa. Akachomeka mpira wa kupitisha hewa kwenye injini uliokuwa umechomoka, kumbe ndio uliokuwa ukizima gari, akalegeza skrubu yangu, injini ikatulia kama paka aliyeshiba. Dakika mbili! Wala hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Mama mkwe karudi na gari la shemeji, kiti cha mbele.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari sana. Nakiri: mizunguko ilizidi kidogo. Mke wangu kaficha bisibisi, eti nipumzike. Napumzika. Ila friji la jikoni linanguruma vibaya, na hapa nyumbani hakuna anayejali isipokuwa mimi. Nimechungulia nyuma yake. Kuna skrubu tatu, nzuri kabisa! Mke katoka. Kisu cha siagi kinaingia sawasawa.