Siku Sita za Kuusaka Uongozi

Jumatatu, 11 Agosti

Tumefika kambini. Mabega yanauma, moyo unacheka. Mkufunzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya honi, katupanga makundi ya watu watano watano. Katangaza kwamba Ijumaa kila kundi litapiga kura kuchagua kiongozi wake, na jina litapelekwa kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu! Anayeteua viranja! Basi mimi tayari ni kiongozi. Bado kuwajulisha wenzangu tu.

Kundi lenyewe: Twiga, mrefu mpaka miguu inatokeza nje ya hema. Mapacha wawili, ambao hufanya kila kitu pamoja, hata kupiga chafya. Halafu Kamusi. Yule msichana anajua kila kitu na, kibaya zaidi, ni mpole. Mpinzani wa hatari.

Jumanne, 12 Agosti

Mbinu ya kwanza: mwenye ramani ndiye bosi. Nimeidaka kabla mkufunzi hajamaliza kusema. Kamusi kaniuliza taratibu kama nina uhakika kaskazini ni kule. Nikamjibu kuwa kaskazini yangu haijawahi kuniangusha.

Tukatembea saa mbili na nusu. Vichaka, kilima, vichaka tena. Mwishowe nikanusa moshi, nikapaza sauti: "Tumefika!" Na kweli tulifika. Nyuma ya jiko la kambi, hatua hamsini kutoka tulipoanzia. Mpishi akauliza tunataka nini. Sikutaka kuaibika, nikasema tumekuja kumsaidia kuosha masufuria. Alifurahi kupita kiasi. Masufuria kumi na manne! Mapacha hawakuniongelesha hadi jioni.

Mkufunzi katusifu kwa moyo wa kujitolea. Nimezipokea sifa kwa niaba ya kundi.

Jumatano, 13 Agosti

Wavu wa kamba, mrefu kama nyumba ya ghorofa mbili. Mimi na vitu virefu hatuelewani. Nikatangaza kwamba kiongozi wa kweli hupanda wa mwisho, akishahakikisha watu wake wako salama. Nilitumaini muda ungeisha. Haukuisha.

Nikapanda hadi katikati, nikatazama chini. Kosa! Miguu ikagoma, vidole vikaganda kwenye kamba. Wenzangu wote wako juu wananikodolea macho. Kamusi akashuka mpaka nilipo. Akaniambia nisitazame chini wala juu, nitazame kamba za viatu vyake tu. Zikisogea, nami nisogee. Nikafika! Twiga kanikumbatia hadi mbavu zikalia.

Nimewaeleza kwamba pale katikati nilikuwa nakagua ubora wa kamba. Mapacha wakauliza kwa pamoja: "Ukiwa umefumba macho?" Watu hawana shukrani.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku ya kuunda chelezo, chombo cha kuelea majini. Mapipa sita, mianzi, kamba, na bwawa la kuvuka. Leo mbinu kali kuliko zote: nikajitolea kufunga mafundo, nikayafunga kwa mtindo wangu wa siri, asiwepo wa kuyafungua ila mimi. Wanitegemee!

Katikati ya bwawa mafundo yakafunguka yenyewe. Yote. Kila pipa likashika njia yake.

Tulikuwa na majaketi ya kuelea, na mkufunzi alikuwa karibu na mtumbwi wake. Lakini Twiga anaogopa maji. Akaanza kutapatapa, macho yamemtoka, hawezi hata kuita mtu. Sijui nini kilinipata. Nikamshika ukosi, nikamtia pipa mikononi, nikaanza kupiga kelele: "Teke! Teke! Teke!" Kamusi akamshika upande wa pili. Mapacha wakasukuma nyuma. Teke kwa teke tukasogea. Kufika karibu na ukingo, Twiga mwenyewe ndiye aliyekuwa akihesabu mateke kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tumekuwa wa mwisho. Tumelowa chapachapa, tumelala kwenye nyasi, tumecheka hadi matumbo yakauma. Makundi mengine yametupigia makofi. Twiga kanishukuru mbele ya watu.

Hata hivyo siku imepotea bure. Katika fujo ile nilisahau kabisa kuonyesha uongozi.

Ijumaa, 15 Agosti

Kura! Mkufunzi kasema hakuna siri, kila mtu asimame ataje jina mbele ya wenzake. Nikapiga hesabu harakaharaka. Twiga ni wangu, hilo halina mjadala. Mapacha ni wangu, asubuhi nimewagawia biskuti zangu zote. Tatu tayari. Kumbe kura yangu mimi haina kazi! Naweza kuitumia kuonyesha unyenyekevu, mkufunzi aone.

Nikasimama wa kwanza, mkono kifuani, nikamtaja Kamusi. Makofi! Hata mimi nilijipenda. Twiga akanitaja mimi. Kamusi, masikini, naye akanitaja mimi. Akasema jana kwenye maji alimwona kiongozi. Nikaanza kukunjua shingo. Mapacha wakasimama, makombo ya biskuti bado midomoni, wakamtaja Kamusi kwa sauti moja.

Tatu kwa mbili. Nimeshindwa kwa kura moja. Yangu!

Kamusi kaniteua msaidizi wake palepale. Nimetabasamu hadi mashavu yakakaza.

Jumamosi, 16 Agosti

Nyumbani. Mama kauliza nimejifunza nini huko. Nikasema ushirikiano, mama. Akaguna, akaendelea kukunja nguo.

Mchana Kamusi kapiga simu. Mwalimu mkuu anataka ripoti ya safari, na kundi zima limekubaliana kwamba mwenye maneno ni mimi, niandike. Saa kumi watakuja wote wanne tuisome pamoja. Wote! Mama kabandika maji ya chai, dada anafagia sebule, nami nachungulia dirishani kama vile hatujaonana mwaka mzima.

Ripoti nimeshaianza. Kichwa chake: "Jinsi Nilivyoliongoza Kundi Letu." Kamusi akiuliza mbona si "tulivyo", nitamwambia kalamu iliteleza.