Sauti ya Baba na Wafuasi Elfu Moja

Jumatatu, 5 Mei

Wafuasi 212. Jana walikuwa 214. Wawili wamejitoa, na nawafahamu: ni wanakwaya wenzangu wa Lumemo. Tutaonana kanisani.

Niko shambani Idete na mama, tunaamia ndege. Mpunga umeanza kuinamisha vichwa na kwelea wamekwisha kupata habari. Mama yuko chini na debe lake la kugonga. Mimi niko juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti, na kombeo, pamoja na simu. Chaneli yangu inaitwa Wendelin Shambani TV. Ikifika wafuasi elfu moja, na watu wakiitazama saa elfu nne, mtandao unaanza kuweka matangazo na mwenye chaneli analipwa. Baada ya hapo wenye maduka wanakuja kukubembeleza useme mbolea yao ni nzuri. Ukiwa laivu watu wanakurushia zawadi. Unauza fulana. Yote haya nimeyaandika kwenye jalada la nyuma la daftari hili.

Jirani yetu Mayunga ana wafuasi elfu kumi na moja. Mayunga! Video zake ni maksai tu. Maksai wakilima, maksai wakinywa maji, maksai wakimtazama Mayunga. Duka moja limempa plau bure ili aionyeshe, na watu wa mbali wanampigia simu kununua ndama. Mimi nina sura nzuri kuliko maksai wake wote.

Mama anasema ndege wanaogopa mkono na mdomo, na simu haina hata kimoja. Ni mwaka wa kwanza tunaamia bila baba, kwa hiyo namvumilia.

Jumatano, 7 Mei

Nimepata dhahabu! Nilikuwa natafuta cha kufuta kwenye simu, maana imejaa, nikakuta video ya baba. Niliipiga miaka miwili iliyopita kujaribu kamera. Dakika tatu. Marehemu amesimama papa hapa dunguni, anawatukana kwelea kwa sauti ile yake ya kupasua anga. Anawauliza kama kwao hawana mashamba. Anawaambia wamsubiri hapo hapo kama ni wanaume. Mwishoni anageuka na kumwita mama: "Leti! Chai bado?"

Nimecheka peke yangu, halafu nikashindwa kuendelea kucheka.

Nimeirusha kwenye chaneli. Kisha nikaifuta kwenye simu kupata nafasi, maana mtandaoni hakuna mvua wala mchwa. Ila kabla ya kufuta nilichukua sauti yake na kuiweka kwenye memori kadi ya ile spika yangu ndogo. Nimeifunga spika juu ya dungu, na sola ya baba inaichaji. Sauti ikiisha inaanza upya. Kwelea wanakimbia hovyo! Mimi nimelala chali nikihariri video. Kazi ya kisasa.

Mama alikuwa katikati ya mpunga iliposema mara ya kwanza. Debe lilimdondoka. Akakaa pale pale kwenye matope. Nilishuka mbio nikamweleza kuwa ni spika tu. Akasema anajua kuwa ni spika, mimi nirudi juu.

Ijumaa, 9 Mei

Video ya baba inatazamwa sana. Wafuasi 305! Mtu mmoja wa Mahenge ameandika kwamba mzee huyu amemkumbusha babu yake. Nimemjibu kwamba fulana za "Chai bado?" zinakuja. Hazipo, lakini zinakuja.

Jambo moja linanisumbua kidogo. Kila spika inapouliza kama chai bado, mama anajibu. Popote alipo, hata akiwa amenipa mgongo, anasema inakuja. Nimehesabu leo asubuhi mara kumi na tisa, kisha nikaacha kuhesabu. Saa nne alichemsha chai kweli, akaleta vikombe viwili na kuviweka chini ya dungu. Nilijua kimoja ni changu. Nilipochukua cha pili akanipiga kofi mkononi.

Mayunga alipita, akamwamkia mama shikamoo akikunja magoti, kama wafugaji wa kwao wanavyofanya. Akasikiliza ile sauti mpaka mwisho akiwa amevua kofia. Kisha akaniuliza nimeihifadhi wapi. Akasema yeye kila video anaweka nakala tatu, moja anayo mkewe. Nikamwambia huo ni uoga. Hawa watu wa ng'ombe wanapenda kuhesabu vitu.

Jumapili, 11 Mei

Misa ya kwanza, kisha moja kwa moja kwa Hilary, fundi simu wa pale stendi Ifakara. Hilary anauza wafuasi. Unampa jina la chaneli, kesho wamejaa. Anasema wakubwa wote wanafanya hivyo, hata Mayunga pengine. Hilo "pengine" lilinitosha.

Mfukoni sikuwa na kitu. Hilary akasema angependa sola. Nikarudi Idete kwa bodaboda ya mkopo, nikaifungua sola ya baba, nikampelekea. Mama aliuliza inakwenda wapi. Nikasema matengenezo.

Jumatatu, 12 Mei

WAFUASI 1,046! Nimeruka dunguni mpaka mti mmoja umekatika. Majina yao siwezi kuyasoma, mengine ni herufi za ajabu, lakini mfuasi ni mfuasi. Nimewakaribisha wote kwa Kiswahili.

Saa tatu spika ilinyamaza. Chaji imeisha, na sola iko kwa Hilary. Kwelea hawakuchukua hata robo saa. Walikuja kutoka upande wa Mchombe, wingu zima, wakaushukia mpunga. Nilishika kombeo. Halafu nikafikiri: nani amewahi kupiga picha ya kwelea kwa karibu hivi? Nikaweka kombeo chini, nikashika simu. Simu imejaa! Nikachomoa memori kadi kwenye spika, nikaichomeka kwenye simu. Ikaniuliza kama nakubali iisafishe kwanza, yaani ifute vyote. Nikabonyeza ndiyo. Baba si yuko mtandaoni?

Dakika arobaini za kwelea wakila. Wanang'aa sana juani.

Mama alikuja mbio na debe, peke yake, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Majaruba mawili ya mpunga yamebaki makapi. Hakunigombeza. Aliuliza tu kwa nini baba amenyamaza. Nikamwambia anapumzika, kesho atasema.

Jumatano, 14 Mei

Chaneli imefungwa.

Naandika tena ili niamini. Chaneli imefungwa, kwa sababu ya wafuasi wa bandia. Video zote hazipo. Ya baba haipo. Nimewaandikia barua ya rufaa, nikaeleza kuwa mimi ni Mkatoliki na mwanakwaya. Jibu limekuja baada ya dakika mbili: uamuzi ni wa mwisho.

Nilikwenda kwa Hilary. Akasema yeye anauza wafuasi, hauzi bahati. Sola amekwisha kuiuza. Nikamwomba ajaribu kuifufua memori kadi. Akaichungulia, akaingiza kwenye mashine yake, akasema nimerekodi juu yake dakika arobaini, chini hakuna kitu tena. Akaongeza kuwa ndege wametoka vizuri.

Mwisho nilimwendea Mayunga. Ndiyo, Mayunga. Nikamuuliza kama kwa bahati aliichukua ile video. Akasema hapana, alidhani ninayo, mtu hachukui cha marehemu wa mwenzake bila ruhusa. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwambia mama. Nilipanga maneno mengi lakini yalitoka machache. Alikuwa anapuliza moto wa chai. Aliuliza kama ni kwa leo tu au moja kwa moja. Nikasema moja kwa moja. Akaendelea kupuliza, ingawa moto ulikuwa umekwisha kuwaka.

Chai ilipoiva akamimina kikombe kimoja, akanipa mimi.

Jumamosi, 17 Mei

Leo asubuhi mama amepanda dunguni mwenyewe. Hajapanda tangu baba afariki. Alikuja na vikombe viwili. Akaniambia nipige ile kelele ya baba. Nikasema siiwezi. Akasema koo ni lile lile, nijaribu. Nikajaribu. Kwelea wakaruka, kweli wakaruka! Akasema sijamaliza. Nikamwambia siwezi kumwita mama yangu kwa jina, ni aibu. Akasema leo ameniruhusu.

Nikaita: Leti! Chai bado?

Machozi yalimtoka mama, hakuyafuta. Kisha akasema kwa sauti ndogo, inakuja, akanisogezea kikombe cha pili. Nililia na mimi. Nimemkosea mama yangu, nimemkosea na baba, na hakuna anayeuza sauti yake stendi.

Hapo ndipo nikaona mwanga ulivyompiga mama usoni. Mjane, machozi, mtoto mwenye sauti ya marehemu! Chaneli mpya nimeshaifungua tangu Alhamisi; ina wafuasi wawili, mmoja ni mimi. Nikamwomba turudie, nirekodi. Alinitazama, mwishowe akakubali, mradi safari hii itunzwe. Nikamwapia.

Simu ikakataa, imejaa. Nikatafuta cha kufuta. Ndege siwezi kuwafuta, wale ni mtaji. Nikakuta sauti za mama, zile anazorekodi kwenye simu ya mke wa Mayunga na kunitumia nikiwa mjini. Umekula? Unarudi lini? Huku mvua imenyesha. Zaidi ya mia tatu, na zote zinasema hayo hayo. Nimezifuta zote, na simu imepata nafasi kubwa ajabu.