Mluzi Mdogo Tu

Jumatatu, 3 Juni

Nimekabidhiwa kinda la mwewe. Mimi! Mwanagenzi wa msimu, mwezi wa pili tu katika kituo hiki cha kutibu wanyamapori, na tayari nina ndege wangu. Mwenzangu, tunayemwita Daftari kwa sababu anaandika hata chafya, kapewa kobe mwenye ufa mgongoni. Pole yake. Nafasi ya kudumu ni moja, mwisho wa mwezi, na sisi tuko wawili.

Masharti ya Daktari wa wanyama ni mengi. Ukimlisha, jifunike shuka gubigubi. Nyama uitoe kwa soksi iliyoshonewa mdomo wa mwewe, adhani ni mama yake. Usiseme naye. Usimpe jina. Akishazoea watu hataweza kuishi porini, na shida yote hii itakuwa ya bure. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili zake.

Nimemwita Mheshimiwa. Anakula kabla ya wote na hashukuru. Nimemwita moyoni tu. Na mara moja kwa sauti.

Dada, ambaye naishi kwake, nilishamwambia kazi nimepata. Akamwambia mama. Mama akautangazia ukoo mzima. Sasa lazima niipate kweli.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata wazo! Tarehe 15 wanafunzi wanakuja kwa somo la mazingira. Daftari atawaonyesha kobe aliyelala. Mimi nitapiga mluzi, na mwewe atatua mkononi mwangu mbele ya Daktari. Nani atauliza tena nafasi ni ya nani?

Nimeanza leo. Mluzi, nyama. Mluzi, nyama. Shuka nimeivua, joto lilizidi. Soksi nayo inanuka. Daftari alipita nje ya dirisha akauliza nani anapiga mluzi. Nikasema jino linaniuma. Akaandika.

Jumanne, 11 Juni

Anakuja! Napiga mluzi mlangoni, anaruka kutoka kwenye gogo mpaka begani, anachokoa mfuko wa shati nilimoweka nyama. Kisha ananitazama kwa jicho moja, kichwa kakipinda. Niseme ukweli, hakuna aliyewahi kufurahi hivyo kuniona nikiingia kazini. Wala nyumbani.

Nimemweleza habari za shemeji na zamu ya kuosha vyombo. Anasikiliza vizuri sana.

Jumamosi, 15 Juni

Siku mbaya. Asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, Daktari aliniita pembeni. Nikajua ni sifa. Kweli zilikuwa sifa! Kinda amenawiri, kasema, tarehe 24 ataachiwa. Ila haonyeshwi kwa mtu yeyote. Kisha akanisimulia mwewe wa zamani aliyelelewa na mtu mpenda kuongea. Walipomwachia alikwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa shule kuomba chakula. Watoto wakaogopa, wakampiga mawe. Daktari alimwokota mwenyewe, akamfunga kwa koti lake.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikauliza kama chai iko tayari.

Wanafunzi walimpenda kobe kupita kiasi. Mimi nikawahutubia juu ya mifuko ya plastiki. Wawili walisinzia, na mwalimu wao.

Usijali, nina mpango. Nilimfundisha kunipenda kwa siku tano. Kunichukia kutachukua mbili.

Jumatano, 19 Juni

Nimevaa ndoo kichwani. Nimegonga mfuniko wa sufuria na kunguruma. Mheshimiwa alidhani ni mchezo mpya. Akatua juu ya ndoo.

Aliyeogopa ni kobe wa Daftari, chumba cha pili. Kajificha ndani ya gamba na kagoma kula. Daftari alikuja akasimama mlangoni, akatazama ndoo, akatazama ndege, akanitazama mimi. Safari hii hakuandika kitu. Aliniambia taratibu kwamba bado sijachelewa kumwambia Daktari. Nikamwambia aache kimbelembele, ana wivu.

Jioni Daktari akaniuliza kama ndege yuko tayari. Nikajibu anaogopa hata kivuli chake. Akanipa fomu, nikatia sahihi.

Jumatatu, 24 Juni

Naandika ili yanitoke.

Tulikwenda kilimani, ng'ambo ya bwawa. Daktari, Daftari na mimi. Boksi likafunguliwa. Akatoka, akapaa! Sijawahi kumwona juu kiasi kile, maana chumba chake dari lake nalifikia kwa mkono. Akazunguka mara moja, mara mbili. Daktari alikuwa anatabasamu. Mimi sikupiga mluzi. Naapa, midomo niliibana kwa vidole.

Akageuka, akashuka moja kwa moja, akatua begani kwangu. Akaanza kuchokoa mfuko wa shati.

Daktari akauliza swali moja tu, "Anaitwa nani?"

Nikamwambia.

Tukarudi naye kituoni. Atakaa bandani maisha yake yote, na mwewe bandani huishi miaka mingi. Mimi ndiye niliyemfungia, na sikutumia hata kufuli. Nilipomrudisha aliniangalia kwa jicho lile lile, kafurahi! Angenidonoa ningepata nafuu.

Ijumaa, 28 Juni

Nafasi kapata Daftari. Stahili yake. Nilimpa mkono na nikamwomba msamaha, kwa niaba ya kobe pia. Mimi nimeongezewa msimu mmoja, si kwa uhodari, bali kwa sababu ndege hali chakula cha mtu mwingine.

Dada aliuliza imekuwaje. Nikamjibu kweli tupu, kwamba sasa namhudumia Mheshimiwa. Kabla sijafafanua alikuwa ameshapiga simu. Mama anawaambia watu nafanya kazi kwa mkubwa serikalini. Nitamweleza. Siku nyingine.

Leo limeletwa kinda jingine la mwewe, dogo, manyoya hayajatimia. Litalelewa na Daftari. Mimi nasafisha chumba tu, nimejifunika shuka, na nimetia sahihi kwamba sitasema nalo. Nimeapa kwa moyo wote. Mtu aliyeumia kama mimi harudii.

Ila lilikuwa linatetemeka, peke yake pale kwenye kona. Kusema nimekatazwa, sawa. Mluzi haukutajwa kwenye karatasi. Nikapiga mmoja, mdogo tu.

Mheshimiwa akaitika kutoka bandani kwake. Nikamwambia anyamaze, hakuitwa yeye.