Mashine Yetu Irudishiwe Joto Lake

Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa Fundi wa Nyumbani.

Salamu nyingi, na pole na kazi. Naomba nianze kwa kukuhakikishia kwamba mimi si mtu wa malalamiko. Nimekuwa fundi wa majokofu maisha yangu yote ya kazi, na fundi wa majokofu hulalamikiwa, halalamiki. Lakini safari hii maji yamenifika shingoni, na aliyefungulia bomba ni wewe.

YAH: KUOMBA MASHINE YETU YA GEMU IENDELEE KUCHEMKA

Kisa chenyewe ni hiki. Naishi na binti yangu na mumewe. Binti ni mpishi wa hotelini na zamu zake ni za jioni, kwa hiyo jioni nyingi tunabaki wawili nyumbani, mimi na mkwe wangu. Wewe ni mtu mzima, unajua mambo ya mtu na mkwe wake. Heshima hujaa sebuleni mpaka pa kukaa hapapatikani. Tangu amwoe binti yangu, mazungumzo yetu yalikuwa "Shikamoo baba," na "Marahaba," kisha kila mtu anatazama ukuta wake.

Kilichotuokoa ni mashine ya gemu ya mkwe wangu. Ni ya zamani kidogo, na ilikuwa na maradhi ya kuchemka. Yeye akianza kucheza mpira, mimi nikiwa kando natazama, haichukui muda feni ya ndani inaanza kunguruma. Ikishanguruma inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati, halafu inazimika yenyewe. Hapo huna la kufanya ila kuipepea na kungoja ipoe. Mimi napepea kwa mfuniko wa sufuria, yeye kwa foronya. Sasa niambie, watu wazima wawili wanawezaje kupepea chombo kimoja na bado wakaendelea kutazama ukuta? Siku moja mkwe wangu akakohoa, akaniuliza, "Hivi baba, friji nayo huwa inachemka?"

Ndugu Mhariri, swali kama hilo haliulizwi fundi wa majokofu kama una safari. Nilieleza mpaka mashine ikapoa, ikawashwa, ikachemka tena, nami bado niko kwenye kompresa.

Katika vipindi hivyo vya kupoza ndipo nilipomjua mkwe wangu. Nilijua kwamba anaogopa lifti, ndiyo maana hupanda ngazi hadi ofisini kwao kwenye kampuni ya bima, ghorofa ya juu kabisa, na kuwasalimu wakubwa zake huku akihema. Nilijua kwamba siku aliyokuja kuposa alivaa viatu vya kuazima, vikambana hata akakubali kila nilichosema ili aondoke haraka akavivue. Mimi nilidhani ni adabu! Yeye naye alijua kwamba nikiwa peke yangu huwa nazungumza na friji. Tulicheka sana jioni zile. Nilikuwa nangoja mashine izimike kama mtoto anavyongoja kengele ya shule.

Halafu gazeti lako likatoka na makala, "Mashine ya Gemu Inachemka? Itibu Mwenyewe Mezani." Jiweke mahali pangu. Mimi, mtu wa baridi, ndani ya nyumba yangu kuna chombo kinachochemka, na dawa yake iko gazetini. Fundi gani angevumilia aibu hiyo? Mkwe alipokwenda kazini nikaiweka mashine kwenye meza ya jikoni na kufuata maelezo yenu neno kwa neno. Nikachomoa waya. Nikafungua skrubu na kuzipanga kwenye sahani, kila moja upande ilikotoka. Ndani nikakuta vumbi limeganda kwenye feni na kwenye vibati vya kupozea, vumbi la kujazia mto. Nikalitoa kwa brashi laini, huku nimeshika panga za feni kwa kidole zisizunguke, kama mlivyoagiza. Nikaifuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka juu ya chipu, nikapaka mpya, tone la ukubwa wa punje ya njegere. Nikafunga.

Jioni mkwe akaiwasha. Haikunguruma, haikunuka, haikuzimika. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Baba, mikono yako ina baraka." Nilivimba kichwa, sikatai.

Hilo ndilo neno la mwisho la moyoni aliloniambia. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usipotee njiani.

1. Makala yenu ilifanya kazi. Huu ni ukiukaji mkubwa wa mazoea. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, na maelekezo yenu nayafahamu. Nilipofuata makala yenu ya kuziba bomba linalovuja, jikoni kwetu tulitembea tumekunja suruali. Mlipotufundisha kurekebisha mlango unaosuguana na sakafu, niliutoa, nikaupiga randa, na sasa paka wa jirani anapita chini yake bila kuinama. Kwa historia hiyo, nilipochukua bisibisi nilikuwa na haki ya kutarajia kushindwa kwa heshima. Mngenionya.

2. Nimempoteza mkwe wangu, na yuko hapo hapo. Tunakaa kochi moja. Mashine inakwenda jioni nzima kimya kama jokofu jipya. Yeye akifunga goli anasema, "Goli." Mimi nasema, "Safi." Hayo ndiyo mazungumzo. Jana aliingia amejifunga bandeji kidole cha mkono, na hadi naandika sijui kimefanya nini, kwa kuwa mechi ilikuwa imeanza na hakukuwa na nafasi ya kuuliza. Namkumbuka, Ndugu Mhariri. Nasema wazi bila haya, namkumbuka mtu ninayemgusa bega.

3. Siwezi kuondoka. Nikinyanyuka atadhani nimechoshwa na mchezo wake, na mtu haonyeshi dharau kama hiyo kwa mkwe wake anayemheshimu. Kwa hiyo nakaa. Mgongo unaniuma, macho yananiwasha, chakula kinapoa mezani. Najua habari za beki wa kushoto wa timu isiyokuwepo duniani, goti lake, mkataba wake na klabu inayomtamani, kuliko ninavyojua habari za ndugu yangu wa tumbo moja. Juzi nilimwota. Alikuwa ameumia, nami ndiye niliyeingia badala yake.

4. Hili nimelifuta. Lilihusu skrubu moja iliyobaki kwenye sahani baada ya mimi kufunga kila kitu. Nimekumbuka kwamba katika maisha yangu hakuna chombo nilichofunga kisibakize skrubu, kwa hiyo nakusamehe.

5. Nimejaribu kuiharibu kwa njia za kistaarabu, nikashindwa. Niliifunika kwa sweta langu. Mkwe akanishukuru kwa kuikinga na vumbi, akalikunja sweta vizuri na kunirudishia. Niliisogeza dirishani jua linapopiga. Akasema, "Baba, kumbe hapa inapata hewa zaidi," na kweli, ikapoa kupita mwanzo. Niliweka birika la chai ya moto ubavuni mwake, chai ndiyo ikapoa. Nilitegemea hata watu wa umeme, ambao kwa kawaida hawaniangushi, lakini tangu nimalize matengenezo yale taa haijawahi kupepesa. Ninapambana na kazi ya mikono yangu mwenyewe, na fundi huyo ni hodari.

6. Jambo hili si la nyumba yangu tu, ni la taifa. Nimefanya uchunguzi. Jirani zetu wa mkono wa kulia wana geti la umeme lililokwama, na kila asubuhi mume na mke hulinyanyua pamoja, mmoja huku mmoja kule, wakicheka na kulaumiana. Jirani wa kushoto ana geti zima. Sijawahi kumwona mkewe. Au chukua kazi yangu. Friji ikifa, familia nzima hukusanyika jikoni kumaliza aiskrimu kabla haijayeyuka, mama kwa kijiko, baba kwa mwiko. Mimi nikiingia na mkoba wa vifaa, sherehe inaisha. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumkuta mtu anacheka mbele ya friji inayofanya kazi. Sasa piga picha nchi nzima inasoma ukurasa wako na kila kitu kinatengemaa. Nani atamgongea nani mlango? Nani atamwazima nani ngazi? Watu watabaki wanasalimiana kwa kichwa kama walinzi wa benki.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba mambo yafuatayo. Mchapishe makala ya kurudisha vumbi: ni vumbi la aina gani, la chini ya kitanda au la barabarani, na hupakwa kwa brashi ile ile au hupulizwa. Muweke onyo juu ya kila makala kama lile la kwenye chupa za dawa, kwamba maelekezo haya yanaweza kufanya kazi. Gazeti liishinikize serikali itunge sheria, kila mashine inayouzwa izimike yenyewe kabla watu hawajasahauliana, na atakayekutwa na mashine isiyochemka aeleze anazungumza na nani nyumbani. Na kama yote hayo yatawashinda, basi huyo mtaalamu wenu aliyeandika makala aje mwenyewe akae kwenye kochi langu kila jioni, aseme "Safi" kwa niaba yangu, nami nikanyooshe mgongo.

Nisikuchoshe. Nisalimie huyo mtaalamu, sina chuki naye binafsi. Salamu kwa wapiga chapa, wasambazaji, na yule anayetunga chemshabongo, mwambie neno la kushuka chini la wiki iliyopita linanitesa mpaka leo. Wasalimie wote hapo ofisini, hasa wale ambao vyombo vyao ni vibovu, na uwape hongera.

Wako katika baridi,
Baba Mkwe,
fundi wa majokofu, mstaafu.

Nyongeza baada ya sahihi: Kwa kuwa siku hizi hampokei barua ya mkono, hii inapigwa kwenye kompyuta na binti yangu, ambaye leo yuko mapumzikoni. Alipofika lalamiko la tatu alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akamwita mumewe aje asome. Nilitaka kumzuia, nikachelewa.

Mkwe wangu amesoma yote akiwa amesimama, macho mekundu, rimoti ya kuchezea bado iko mkononi. Kisha akasema, "Baba, gemu lenyewe lilishanichosha zamani. Nacheza kwa sababu wewe ulihangaika kuitengeneza mashine. Ningeizimaje mbele yako?" Anasema mgongo wake unamuuma kuliko wangu. Anasema kila nilipotamka "Safi" alijua bado nataka kutazama, akaongeza mechi nyingine. Kidole alikibana kwenye droo ya ofisini.

Basi, Ndugu Mhariri, makala yenu haina kosa na mashine haina kosa, na sheria niliyoiomba naona isitungwe kwanza. La bomba bado nalishikilia. Tumeizima mashine kwa kitufe chake, kumbe kitufe kilikuwepo siku zote. Ni ya baridi, na hakuna aliyenyanyuka kwenye kochi. Mkwe ameniuliza nilikutana wapi na marehemu mke wangu, ambaye yeye hakubahatika kumwona. Binti anasema anaituma barua sasa hivi jinsi ilivyo, kwa sababu habari hiyo hata yeye sijawahi kumsimulia.