Nyuki wa Uzio wa Mama Boaz

Mheshimiwa Evelina, binti yangu na mshika kikombe cha uji. Mheshimiwa Martina, Mama Boaz, mkulima wa pasheni kutoka Kharumwa. Mheshimiwa Lusia, jirani yake wa uzio kwa uzio, ambaye kiitifaki tumemketisha upande ule wa kitanda kwa kuwa hawa wawili hawasalimiani. Mabibi na mabwana: mimi Pantaleo, Afisa Nyuki mstaafu, nimewaficha jambo kwa miaka tisa, na kwa kuwa daktari amenishauri nisinunue kalenda ya mwakani, leo nalitoa. (Makofi. Evelina anaua mbu.)

Ndugu wajumbe, mtakumbuka kwamba nilifika Kharumwa kufanya upembuzi yakinifu wa nyuki mpweke, yule mweusi mnene, asiye na mzinga, wala malkia, wala asali ya kurina, ambaye kila jike hutoboa tundu lake kwenye mti mkavu na kutaga humo, na ambaye, kwa mujibu wa data zangu, alikuwa ameenea kwa asilimia themanini na saba kutoka Rwamgasa hadi kwenu, akisafiri ndani ya matimba, yale magogo ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke, ambayo marehemu Baba Boaz aliyanunua yamechakaa akajengea uzio na kichanja cha pasheni. (Mama Boaz: "Asilimia za wapi, baba? Ulihesabu uzio mmoja.") Mchango wa mjumbe umepokelewa.

Kwenye uzio huo nyuki mmoja wa manjano alisimama hewani mbele ya pua yangu, akanifuata kila nilipogeuka, nami, kwa kuzingatia miongozo ya usalama kazini, nilihamishia shughuli za ofisi ng'ambo ya korongo kwa mwendo wa kasi. (Kicheko. Lusia: "Ulipita juu ya karanga zangu nilizoanika.")

Nilirudi na agizo lenye muhuri: nguzo zote zichomwe kwa usalama wa umma, na Mradi wa Kituo cha Utafiti wa Nyuki Mpweke, awamu ya kwanza, ungeleta nguzo za zege na miche elfu nne. Zikachomwa. Msimu uliofuata pasheni, zilizopandishwa upya kwenye miti mibichi, zilichanua, maua yakapukutika. Uliofuata, vilevile. Mama Boaz akaenda kwa mganga, akarudi na jina la jirani. Tangu hapo Lusia hasalimiwi kisimani, na harusi ya mwanawe ililiwa na watu wa nyumbani peke yao.

Sasa tathmini. Ua la pasheni ni kubwa. Nyuki wa asali huingia na kutoka bila kugusa panapotakiwa. Ni yule mnene tu anayelisugua kwa mgongo na kulipelekea chavua. Nilifundishwa hivyo chuoni, na nilipata alama nzuri. Tuliwachoma waliokuwa wanakuzalishia, Mama Boaz. Hakuna aliyeloga.

("Miaka tisa," anasema Mama Boaz, "na ulikuwa unapita kwangu unakula viazi." Lusia anasema, "Mwache amalize, mayu," yaani mama. Ndilo neno la kwanza kumwambia tangu msimu ule. Mama Boaz anamsogezea kigoda.)

Nyuki mpweke, oyee. (Evelina peke yake: "Oyee.") Nguzo kavu zidumu. Tundu moja, jike moja, maendeleo kwa wote.

Namalizia kwa kuushukuru Mradi wa Kituo cha Utafiti, ambao Boaz aliuchimbia msingi kwa jembe lake mwenyewe. Haukuwahi kuwepo. Niliutunga ng'ambo ya korongo, nikihema, ili mtu asiniulize kwa nini nataka nguzo zile zichomwe. Na yule wa manjano aliyenikimbiza alikuwa dume la hao hao weusi, na dume la nyuki hana mwiba. Nililijua hilo nikiwa nakimbia.